Tulipolala kwa Watu

(Maneno yaliyosemwa kanisani Zombe, Jumapili ya kuandikisha nyumba za wageni wa yubilei, na akina mama watatu wa sauti ya pili. Yamechapishwa hapa kwa ombi la kamati.)



Kamati ya yubilei imetupa dakika kumi na tano tuseme juu ya safari ya misheni ya Tanzania, ile ya mwaka wa tisa wa kwaya. Tumesimama watatu lakini anayesoma ni mmoja. Tulikubaliana tuandike, kwa sababu tukisema bila karatasi tutaanza kucheka, halafu tutalia, na dakika zitaisha.

Wengi wenu mnaijua safari ile kwa picha iliyo ofisini, kwaya imesimama na sare za kijani na mlima uko nyuma. Mnajua pia kwamba tuliimba vizuri, kwa maana tumewaambia mara nyingi. Leo hatusemi juu ya kuimba. Tunasema juu ya mahali tulipolala. Sisi watatu hatujawahi kulisimulia jambo hili lote hapa mbele, na mkimaliza kusikia mtajua kwa nini.

Tumeombwa tuseme leo kwa sababu ya daftari. Wageni 42 wa kwaya kutoka usharika uleule wanakuja mwezi wa Agosti kusherehekea nasi miaka 25. Hadi juzi nyumba zilizoandikishwa ni tisa. Na Jumapili iliyopita, baada ya ibada, tulisikia mazungumzo pale chini ya mti. Mmoja alisema wageni wapelekwe Kitui mjini walale hotelini, wawe wanaletwa na gari asubuhi. Mwingine alisema tuombe bweni la shule. Na wote walikuwa na sababu moja: nyumba zetu si za kuweka mgeni wa ng'ambo, na Agosti Zombe hakuna maji.

Sasa tuanze safari.

Tulikuwa waimbaji 28, mwalimu, mchungaji na dereva. Tuliondoka hapa saa kumi alfajiri. Kitui mjini tukanywa chai, kisha tukashuka Mutomo na Ikutha kwenda kutokea Kibwezi. Vijana, lami mnayoiona leo haikuwepo. Tulikula vumbi mpaka sauti ya kwanza wakawa wanaongea kama besi.

Tulipofika Ikutha mzee mmoja wa besi, ambaye sasa ametutangulia, aliomba gari lisimame. Akatuambia tuangalie mahali hapo vizuri. Wamisionari Walutheri kutoka Ujerumani walikuwa na kituo Ikutha tangu mwanzoni mwa miaka ya 1890, baadaye wakafungua na Mulango. Na chama hichohicho, cha mji wa Leipzig, ndicho kilichoanza kazi Machame kule Kilimanjaro mwaka 1893. Baadaye vituo vya huku Kitui vilichukuliwa na Africa Inland Mission, ndiyo sababu wengi wetu huku ni AIC, na wenzetu wa mlimani wakabaki Walutheri. "Kwa hiyo," akasema yule mzee, "hatuendi kwa wageni. Tunaenda kwa watu tuliofunzwa darasa moja nao, halafu tukahamishwa." Tulicheka, tukapanda gari.

Makindu tulipata chakula cha mchana kwenye hekalu la Makalasinga. Dereva ndiye aliyesisitiza, maana watu wa barabara ile ya Mombasa wote wanalijua. Hekalu hilo lilijengwa mwaka 1926 na Makalasinga waliokuwa wakifanya kazi ya reli, na mpaka leo msafiri yeyote akiingia anapewa chakula na mahali pa kulala bila kuulizwa dini yake. Unavua viatu, unafunika kichwa, unakaa. Tulikula chapati na dengu, tukanywa chai. Wengine kati yetu walikuwa wazito kuingia. Waliposikia harufu ya dengu wakaingia. Tunaitaja Makindu kwa sababu hapo tulikula chakula cha watu tusiowajua, hatukuona shida, tukashukuru na kuondoka. Kula mara moja na kuondoka ni rahisi. Kulala ndiyo kazi.

Emali tulikata kushoto, tukapita nchi ya Wamasai hadi Oloitokitok, tukavuka mpaka Tarakea jioni. Kutoka hapo barabara inazunguka mlima, migomba upande huu na migomba upande ule, hadi Mwika. Tulifika usiku, na baridi ya Agosti ya kule hatukuwa tumeambiwa. Watu wa Zombe tumekuja na leso mbilimbili kana kwamba tunaenda Mwingi. Meno yaligongana.

Mbele ya kanisa lao mwinjilisti alisoma majina kwa mwanga wa taa, na kila jina likisomwa mwenyeji anatokea gizani anachukua watu wake. Wawili huku, watatu kule. Tuliona wenzetu wakichukuliwa na mwalimu mwenye pikipiki, wengine na mama mwenye duka, wengine na mzee aliyekuja na gari dogo. Majina yetu yalisomwa mwishoni. Aliyetokea ni bibi mmoja mfupi, amejifunga kanga kichwani, na mjukuu wake wa kiume wa miaka kama minane ameshika tochi. Tukateremka naye njia ya migombani, yule mtoto akitangulia na kugeuka kila hatua kumulika miguu yetu.

Nyumba yake ilikuwa ya mbao, vyumba viwili, sakafu ya udongo. Bibi alikuwa mjane, anaishi na huyo mjukuu na dada yake mkubwa. Ng'ombe mmoja alikuwa kwenye banda ambalo ukuta wake ni ukuta wa chumba tulichopewa, kwa hiyo akipumua unamsikia. Bibi alituandalia mtori wa ndizi na nyama. Kisha akaleta ndoo tatu za maji moto, moja kwa kila mtu, akatuonyesha mahali pa kuogea nyuma ya nyumba. Tukaoga tukalala. Vitanda vilikuwa viwili, na mablanketi yote ya nyumba ile yalikuwa juu yetu. Usiku mmoja wetu alitoka nje, akapitia jikoni, akawaona Bibi na wajukuu wamelala kando ya mafiga, wamejifunika magunia.

Alirudi chumbani akatueleza. Tungekuwa watu wazuri jambo hilo lingetuyeyusha moyo. Lakini tulichosema, kwa kunong'ona ili ukuta usisikie, ni kwamba tumewekwa kwa maskini. Tulijiuliza kwa nini sisi. Mmoja alisema labda ni kwa sababu waume zetu si watu wakubwa kanisani. Mwingine alisema harufu ya ng'ombe itaharibu sare. Tunayasema haya mbele yenu kama yalivyokuwa.

Asubuhi tulikwenda kwa kamati ya wenyeji. Hatukusema ukweli. Tulisema mmoja wetu ana kifua, na moshi na ng'ombe vinamsumbua, tunaomba nyumba nyingine. Yule mzee wa kamati alikuwa muungwana. Hakuuliza swali, na kufika saa nne mabegi yetu yalikuwa kwenye nyumba ya mwalimu, yenye sakafu ya saruji, umeme na televisheni. Bibi hakuwepo tulipochukua mabegi, alikuwa amekwenda kukata majani ya ng'ombe. Tukaona ni heri, hatutalazimika kueleza.

Jioni hiyo tuliimba kwenye mkutano. Watu walipoanza kutawanyika tukamwona yule mtoto amesimama mlangoni na tochi. Alikuwa ametumwa atuchukue, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia bibi yake. Sisi tulidhani kamati itasema, na kamati ilidhani tumesema wenyewe. Mtoto akatusalimu, "Shikamoo," mmoja mmoja, mara tatu. Akasema, "Bibi amechinja kuku."

Tulimwambia kwamba tumehamia kwa mwalimu, amwambie Bibi asante. Akasema, "Haya." Akaiwasha tochi akaenda peke yake. Tuliuona mwanga ukishuka kule migombani mpaka ukapotea.

Wapendwa, kabla ya kusafiri mchungaji wetu alitufundisha Jumamosi tatu mfululizo hapahapa kanisani. Somo lilikuwa Luka sura ya kumi, pale Bwana anapowatuma wale sabini. Mnalijua: wasichukue mfuko, wakae katika nyumba ileile iliyowapokea, wale wanachopewa, wasihamehame nyumba hadi nyumba. Tulikariri. Mchungaji alituuliza maswali na sisi watatu ndio tuliojibu vizuri kuliko wote. Na asubuhi ya siku ya pili mwinjilisti wao, ambaye hakujua lolote juu yetu, alisimama akafungua Biblia, akasoma palepale.

Hatukuimba vizuri siku hiyo. Mwalimu wa kwaya anakumbuka, alituuliza kwa nini sauti ya pili imepotea.

Siku ya tatu Bibi alikuja kwenye mkutano, akakaa benchi la mbele, akasikiliza mpaka mwisho. Alipotoka akatupa mfuko wa maparachichi, akatusalimu, akamuuliza mwenzetu, "Kifua kinaendeleaje?" Kumbe habari ya kifua ilikuwa imemfikia. Tukajibu kinaendelea vizuri. Tulikwenda nyuma ya kanisa, na hapo ndipo tulipoamua.

Tulimfuata mwinjilisti wa mtaa tukamweleza yote, pamoja na uongo wetu. Hakutukemea. Alisema kwao mtu akimkosea mwenzake haendi mikono mitupu, anakwenda na jani la sale. Sale ni mmea wa majani marefu membamba ambao Wachaga wanaupanda kuzunguka kihamba, yaani shamba la nyumbani, kuwa mpaka. Mmoja wetu, na hatumtaji, aliuliza kama hayo si mambo ya mizimu. Mwinjilisti alicheka. Akasema, "Mama, ukifika pale utaona hujui pa kuanzia. Jani litaanza badala yako." Akachuma moja kwenye ua, akatupa, akatusindikiza.

Ni kweli hatukujua pa kuanzia. Tulimkuta Bibi anapepeta maharage. Aliliona jani mkononi mwetu kabla hajatuona nyuso, akaacha kupepeta. Akalipokea kwa mikono miwili. Kisha akauliza neno ambalo hatukulitegemea kabisa. Alisema, "Yalikuwa maji, sivyo?"

Hatukumwelewa. Akaeleza. Ile asubuhi ya kwanza aliporudi na majani ya ng'ombe alikuta ndoo tatu nyuma ya nyumba, na zote zina maji zaidi ya nusu. Akajua wageni wa Kenya wameyadharau maji yake. Maji hayo anayachota kwenye mfongo, ule mfereji unaoshuka kutoka mlimani, na siku hiyo alikuwa ameyachuja kwa kitambaa na kuyachemsha ili yawe safi. Aliposikia tumehama, na kwamba sababu ni kifua, alisema moyoni kwamba hiyo ni heshima tu ya wageni, sababu ya kweli ni maji. Kwa siku tatu alikuwa akilichukia lile fereji lililomlea.

Hapo tulicheka na kulia pamoja, kwa sababu Bibi hakuwa amejua dhambi yetu, na sisi hatukuwa tumejua huzuni yake. Tulimwambia: Bibi, sisi tunatoka Zombe. Kwetu mto hauna maji juu, una mchanga. Unakwenda na punda na mitungi, unachimba mchangani, unasubiri maji yajae kidogokidogo, unateka kwa kibuyu au kikombe. Ukimaliza unafunika kwa miiba mifugo isiharibu. Ndoo moja inaogesha watoto watatu, na yale yanayobaki yanakwenda kwenye mche wa mpapai. Tangu tuzaliwe hatujawahi kuoga ndoo nzima. Tulioga nusu ndoo tukaona tumefanya anasa.

Bibi alitutazama muda mrefu. Akasema, "Sasa mnafulia nini?" Tukamweleza na hilo.

Halafu tukamwambia ukweli mwingine, ule mbaya. Kwamba hakuna kifua. Kwamba tulihama kwa sababu ya nyumba. Hilo halikumfurahisha. Alinyamaza, akarudi kwenye maharage yake, akapepeta kidogo. Kisha akamwita yule mjukuu, akamwambia aende kwa mwalimu akalete mabegi ya mama zake. Mambo ya nyumba hakuyazungumza tena, wala sisi.

Zilikuwa zimebaki siku nne. Tulilala kwake siku zote nne, safari hii mablanketi yakagawanywa na magunia yakagawanywa. Waswahili wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na Bibi aliitimiza bila kupoteza muda. Tulikata majani ya ng'ombe, tukabeba mbolea migombani. Tuliimba tukifanya kazi hiyo, na majirani wakaja kuona ni nani anayeimba kwenye samadi.

Usiku mmoja ilikuwa zamu yake ya mfongo. Mnisikilize hapa, maana sisi wa Zombe tuna la kujifunza. Mifereji ile ilichimbwa na wazee wao kabla mmisionari hajafika, inatoka mbali juu na kupita kwenye vihamba vya watu wengi. Kila nyumba ina saa zake. Ukifika wakati wako unafungua, maji yanaingia kwako, ukimaliza unamfungulia wa chini. Ipo siku ya kusafisha mfereji, na nyumba isiyotuma mtu inatozwa faini. Tulitoka na Bibi saa nane usiku, mtoto na tochi yake mbele, tukafungua tope kwa jembe. Maji yalikuja yakatupita miguuni, baridi kama kisu. Mmoja wetu aliyaweka mkono akasema kwa Kikamba, "Mwaitu!" Tulisimama pale, watu wa mchangani, usiku, maji yanapita bure na hakuna anayeyapigania. Mengi tuliyoyafanya kwenye misheni ile tumeyasahau, hata nyimbo nyingine. Hilo hatukulisahau.

Jioni ya siku ya mwisho majirani walijaa uani kwa Bibi kusali nasi. Mzee mmoja alikuja na mbege, ile pombe yao ya ndizi, akatukaribisha kwa moyo mweupe. Tulikuwa tunajiuliza tutamkataaje mtu mzima, Bibi akamaliza jambo: "Hawa kanisa lao halinywi. Wapeni chai." Mzee akasema sawa, akanywa yeye. Tuliimba mpaka saa tano. Kwenye mikutano kanisani watu walikuwa wanasikiliza kwaya. Pale uani walikuwa wanaongea nasi, wanauliza habari za ukame wa Kitui, wanaomba tuwaombee watoto wao walioko mjini. Hatuna hesabu ya waliookoka na hatutawapa moja. Tunachojua ni kwamba kwa mwalimu, kwenye televisheni, hakuna jirani aliyekuja.

Kuna jambo dogo la lugha, tuliseme kwa sababu litawasaidia mwezi wa Agosti. Wenzetu wa Tanzania hawasemi "nipe chumvi" au "nataka chai" kama sisi. Wanasema "naomba." Siku za kwanza tulionekana kama askari. Na mtoto akikuambia "shikamoo" usimjibu "mzuri" au "poa." Sema "marahaba." Wajukuu wa Bibi walitucheka siku nne nzima.

Sasa turudi kwenye daftari.

Wanaosema Zombe si mahali pa kuweka wageni wamesahau habari za Ukambani. Mwaka 1849 Mjerumani Krapf, aliyetumwa na wamisionari wa Uingereza, alitoka Rabai akaja kwa miguu hadi Kitui, akapokelewa nyumbani kwa Kivoi, yule mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu. Akiwa mgeni wa Kivoi ndipo alipouona Mlima Kenya, tarehe 3 Desemba. Watu husimulia mlima. Ni wachache wanaomtaja aliyempikia, lakini yule mtu alikula, na waliopika walikuwa mama zetu. Alirudi mwaka 1851. Safari hiyo Kivoi alimchukua kuelekea mto Tana, wakashambuliwa njiani na Kivoi akauawa. Krapf alikimbia peke yake na kiu nusura imuue. Alipopata maji aliyabeba ndani ya mitutu ya bunduki yake na mfuko wa darubini. Na alipofika kwa watu wa Kivoi walimlaumu yeye kwa kifo cha mwenyeji wake, ikabidi atoroke usiku.

Hatuisemi habari hiyo kuwatisha. Tunaisema kwa sababu mbili. Ya kwanza, kupokea mgeni hapa hakukuanza na vitanda vya chuma na sakafu ya vigae. Ya pili, kiu ya nchi hii tuliwaonyesha wageni zamani, na haikuwa siri. Tukiwapeleka wageni wetu Kitui mjini wakaoge kwenye mfereji wa hoteli, watarudi kwao bila kujua tunaishije. Na sisi tutakuwa tumefanya kama tulivyofanya sisi watatu, ila safari hii wenyeji ndio watakaohama.

Bibi alilala mwaka wa tano baada ya safari. Tulituma rambirambi, na hatukuweza kwenda kuzika, ilikuwa mwaka wa njaa huku. Yule mtoto wa tochi amekua. Anaimba tena kwenye kwaya inayokuja, jina lake liko kwenye orodha waliyotuma. Tumekwisha kumwandikisha, atalala kwetu. Mwenzetu aliye na nyumba kubwa kidogo alitaka amchukue yeye, lakini tulipiga kura akashindwa, atalala kwa yule mwenye chumba kimoja na jiko. Mume wake amekubali kulala kwa kaka yake.

Msituelewe vibaya. Mwenye mgonjwa ndani, au mama aliyejifungua juzi, au mtu ambaye kweli hana pa kulaza hata mtoto wake, asilazimishwe na asionewe. Na kamati isifanye kama ilivyofanyika kule, mtu apewe wageni watatu kwa kuwa hakuwepo mkutanoni kukataa. Waulizeni watu.

Lakini wewe unayesema huna cha kuwapa, usikope. Usiende dukani kuchukua mchele wa deni ili mgeni asijue unakula muthokoi. Mpe muthokoi na kunde. Kule walitupa ndizi kila siku, asubuhi, mchana na jioni, na tulirudi tumenenepa. Kama unaona haya juu ya maji, usifanye kama Bibi na sisi, kila mtu akae na huzuni yake kimya. Mwambie mgeni siku ya kwanza: hii ndiyo ndoo, maji yametoka mtoni mchangani, yamebebwa na punda, yatumie yote usiogope, au ukipenda tuachie nusu. Atakuelewa. Wao ni watu wa zamu ya maji.

Kwa upande wa maji, sisi akina mama wa sauti ya pili tumepanga zamu. Punda wanne wamepatikana, wawili wa kuazima. Kila nyumba yenye wageni itapelekewa mitungi miwili asubuhi na miwili jioni kwa siku zote tano. Tunaomba besi watusaidie kuchimba, maana mwezi wa Agosti maji yamekwenda chini sana na mikono yetu haifiki.

Daftari liko kwa katibu wa kwaya, pale mlangoni upande wa akina mama. Ukiandika jina lako andika pia una vitanda vingapi na kama una mbwa mkali. Kwenye barua yao wamesema wawili kati yao wanaogopa mbwa.